Picha ya Baba Mkwe na Baiskeli Isiyo na Keria

Nawasimulia haya kwa sababu Akinyi mke wangu ameenda sokoni, maana akiwepo siwezi kuyataja, na hata mimi mwenyewe nikifika katikati uso unaniwaka. Siku ya kumzika baba mkwe niliingia kwa wakwe zangu nimepanda baiskeli, makalio juu, mbele ya mama mkwe na waombolezaji wote. Kwetu Ujaluoni kwa wakwe unashuka kabla ya lango, unasukuma baiskeli yako polepole macho chini, hata kama unanyeshewa, hata kama umechelewa. Mtoto mdogo anajua hilo.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa fundi cherehani pale Suna, na nilikuwa na baiskeli ya kukunja niliyoinunua kwa padri mmoja akihama. Magurudumu madogo, keria pana ya mizigo nyuma, na ukienda mbali unaikunja tu, unaisukuma chini ya kiti cha basi, ukishuka unaikunjua unaenda zako. Shida ilikuwa urefu wangu. Nikiipanda magoti yanakaribia kidevu, na vijana wa stendi (wale hawakuwa na kazi nyingine) wakiniona wanapiga kelele, "Fundi, mrudishie mtoto baiskeli yake!" Nilivumilia, nikavumilia, halafu siku moja nikachoka. Odhiambo, fundi redio wa kibanda cha jirani, alikuwa na ile ya resi, nyembamba, usukani umepinda chini kama pembe za kondoo, na kwa kuwa mguu ulikuwa unamsumbua alitaka kitu kifupi. Tukabadilishana palepale, kila mtu akijiona mjanja.

Wiki hiyohiyo baba mkwe akafa.

Sasa sikieni habari ya picha. Mzee alikuwa na picha moja tu duniani, kubwa, ya ujana wake alipokuwa akichimba dhahabu Macalder, kofia kichwani, anacheka. Mchwa walikuwa wamekula fremu, na mama mkwe alikuwa amenipa niipeleke mjini iwekwe fremu mpya na kioo kipya. "Ni hiyo moja tu," aliniambia mzee angali hai, "uitunze." Sasa ilitakiwa isimame juu ya jeneza.

Akinyi alitangulia na watoto. Kabla ya kuondoka aliitazama ile resi akaniuliza, "Baba Awuor, hii kitu haina keria. Picha ya baba utabeba wapi?"

"Mgongoni."

"Si ungepanda basi tu?"

Nikamwambia basi halitakubali baiskeli ndefu vile. (Ukweli ni kwamba nilitaka mashemeji waione.)

Nikaifunga picha kwa leso ya Akinyi, nikaikaza mgongoni kwa mpira, nikaondoka alfajiri. Kwenye lami nilipaa. Pale Awendo nilipita malori ya miwa yakihema mlimani, watoto wakanishangilia, na nilifurahi, sitawadanganya, nilikuwa naenda kumzika mzee aliyenipenda na moyoni nilikuwa na sherehe. Nilipoacha lami upande wa Homa Bay, mvua ikashuka. Yale magurudumu membamba yakazama matopeni kama kisu, nikawa mimi ndiye ninayebeba baiskeli begani, kilima baada ya kilima, hadi nikaanza kusikia nyimbo za mazishi kutoka kwa wakwe na kujua nimechelewa.

Ukabaki mteremko mmoja. Nikasema wacha nipande, nitashuka penye uzio, kabla ya lango. Lakini zile pedali zilikuwa na mikanda ya ngozi ya kushika miguu, na Odhiambo alikuwa amenionya, "Ukitaka kushuka, legeza kwanza." Suna kwenye tambarare nilikuwa nakumbuka. Hapa breki zimelowa, nazibana kwa mikono miwili na hazishiki kitu, na mkono wa kulegeza mkanda nitautoa wapi? Lango likaja, likapita. Nikaona watu wanageuka. Wimbo ukakatika. Gurudumu la mbele likaingia kwenye ule udongo uliofukuliwa kaburini, baiskeli ikanigeuza, nikaanguka chali, miguu bado imefungwa, na chini ya mgongo wangu nikasikia kioo.

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Wazee wakageuza nyuso pembeni. Shemeji Owino, mdogo wake Akinyi, alikuja na kisu akakata ile mikanda, akaniuliza, "Shemeji, picha iko wapi?"

Nilikuwa nimeilalia.

Kwa mila mama mkwe hakutakiwa kunisogelea mimi mkwe wake, lakini alikuja. Akaifungua leso mwenyewe. Kioo kilikuwa kimekata karatasi na tope likaingia, na pale penye uso hapakuwa na uso tena, ni kofia tu na sikio moja. Akaitazama. Nilitamani anitukane.

"Inuka, mkwe," akasema. "Watu wanangoja tumzike."

Tukamzika bila picha. Odhiambo alikataa kunirudishia baiskeli yangu (alikuwa anaipenda), na ile resi niliitundika ukutani hadi ikashika kutu. Nikienda kwa wakwe sasa nashuka kwenye basi barabarani na kutembea kwa miguu, na nitatembea hivyo hadi nife. Mama mkwe alikitia kile kipande kwenye fremu, kofia na sikio, kikarudi mahali pake juu ya kiti cha mzee, na mimi nikikaribishwa huwa nakaa nimekipa mgongo.

Ziara ya mwisho aliniuliza kama nakumbuka mzee alivyokuwa akicheka kwenye ile picha, maana yeye kile kicheko kinampotea. Nikamweleza nilivyoweza, mdomo, meno, mashavu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapana," akasema, "hakuwa hivyo." Na hakusema alikuwaje.