Saa Isiyoingia Maji

Tangazo lilisema, na tangazo la jeshi halisemi mara mbili, kwamba kila kuruta ataripoti akiwa na saa ya mkono imara, isiyoingia maji, isiyometameta, na inayosomeka gizani, kwa kuwa saa ya askari ni silaha yake ya kwanza na asiyejua wakati ni mzigo kwa kikosi. Namna saa itakavyosomeka gizani bila kumetameta, waandishi wa tangazo walimwachia Mungu na mafundi.

Fundi mwenyewe mtaani aliitwa Dakika Mbili. Ukimpelekea saa alikuambia, "Nipe dakika mbili," nawe ukaifuata wiki iliyofuata. Kuruta alikuwa bintiye, kitinda mimba, miaka ishirini. Tangu darasa la tatu alikuwa akikaa mezani kwa baba yake kila atokapo shule, na kati ya watoto wanne ni yeye tu aliyeweza kushika skrubu ya saa ya kike kwa koleo bila mkono kutetemeka. Baba mtu hakuwahi kumwambia. Fundi haisifu saa inayokwenda. Huifunga kifuniko, basi.

Kwa nini jeshi? Hakuuliza. Jibu aliletewa na mkewe, siku ileile tangazo lilipoingia nyumbani.

"Si wewe uliyemwambia yule mwalimu aliyeleta saa kwamba duka halina mrithi?"

"Nilikuwa napiga soga tu, mama watoto. Mtu akikuuliza habari za kazi, utamwambia mambo mazuri?"

"Na mtoto amekaa hapohapo, koleo mkononi."

Zilibaki siku ishirini na moja za kumwambia binti kwamba mrithi ni yeye, tena tangu zamani. Kwa busara zake, Dakika Mbili akaanza kwa kutafuta saa.

Ya kwanza aliikataa kwa sababu ya betri. Porini, alisema, betri ataiazima kwa nyani? Ya pili kioo chake kilichubuliwa na funguo tu za mlango. Ya tatu ilikuwa ya kujitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, mwili wa chuma, kioo kinene kama cha taa ya gari. Hiyo aliilaza ndooni siku mbili, akaigandisha kwenye friji ya muuza soda, kisha akaiangusha kutoka juu ya kabati mara tisa, huku akihesabu kwa sauti.

Fundi viatu wa mlango wa pili alishindwa kuvumilia. "Jirani, hiyo saa inakwenda jeshini au imerudi kutoka vitani?"

"Iko mafunzoni."

"Basi na bintiyo mpandishe kabatini, wahitimu pamoja."

Alasiri moja binti alikuja na chupa ya chai, akaketi kwenye kiti chake kidogo.

"Baba, ungekuwa mimi, ungeenda?"

Fundi alikuwa na kioo cha kukuzia jichoni. Swali lilikuwa limekuja lenyewe mpaka mezani, halikuhitaji hata kufunguliwa.

"Mkanda wa ngozi ukiloa unanuka, mama," alisema. "Nitakufungia wa turubai."

Binti alisema sawa, wa turubai. Akakusanya vikombe, akaenda zake.

Siku ya safari, lori lilikuwa liondoke uwanjani saa mbili asubuhi. Fundi alikuwa ameshaipanga sentensi yake na kuirudia mbele ya kioo akinyoa ndevu: duka lina mrithi, mwanangu, shuka twende nyumbani. Saa kumi na mbili u nusu aligundua kwamba saa inakimbia sekunde nne kwa siku. Kwa binadamu wa kawaida hilo si kosa. Akamwambia mkewe watangulie, yeye anataka dakika mbili tu.

Alipofika, lori lilikuwa linanguruma. Binti aliinama juu ya ubao wa pembeni, akainyooshea mkono saa yake.

"Inakwenda, baba?"

"Inakwenda. Usiivue hata ukioga."

Lori likaondoka. Mkewe alingoja mpaka vumbi likatua.

"Umemwambia?"

"Kulikuwa na kelele."

Siku hizi wateja wakimuuliza habari za kazi, hujibu kwamba mambo ni mazuri, na hataki wakae kwenye kiti kile kidogo, ingawa hasemi kwa nini.

Barua ilikuja mwezi wa tatu wa mafunzo. Binti ni mzima, anakula, nyayo zimeota sugu. Amepangiwa karakana ya silaha, kwa sababu mkufunzi alimwona akiunganisha bunduki, akasema mbele ya kombania nzima kwamba hajapata kuona mikono iliyotulia namna ile. Mkataba ni wa miaka sita, na ameshautia saini. Fundi aliisoma sehemu hiyo mara nyingi, akisogeza midomo, kama vile mahali fulani kati ya mkufunzi na saini pangeweza kupenyezwa neno.

Kuhusu saa, binti aliomba radhi kwamba hana la kueleza. Saa zote zilikusanywa getini siku ya kwanza, zikatiwa kwenye gunia na kufungiwa stoo. Pale kambini wanaamka, wanakula na kulala kwa filimbi.