Mstari wa Bidoni Bila Maji

Jumamosi ile robine, bomba la maji la avenue yetu, ilikohoa mara moja, ikatema hewa, ikanyamaza. Kesho yake mdogo wangu alikuwa anapokea komunyo ya kwanza, tantine zetu, dada za Mama, walikuwa njiani kutoka Bukavu kwa boti, na pipa la nyumbani lilikuwa kavu mpaka chini. Mama alinipa bidoni mbili za kuchotea maji, kubwa na ndogo.

"Usinirudilie na bidoni kavu," akasema. "Maharagwe haipikwi na sala."

Nikazunguka mtaa wetu wa Katoyi nikitafuta mahali maji yanatoka. Mtu mwingine angeuliza njiani. Mimi kuuliza kunanitoa jasho. Shuleni, prof akimaliza somo na kusema, "Kuna swali?" darasa zima tunajibu, "Hapana!" na mimi huwa wa kwanza, hata siku ambayo sijaelewa kichwa cha somo.

Basi nilipokuta bidoni za manjano zimepangwa kando ya ukuta wa mawe ya volkano, moja nyuma ya nyingine mpaka kwenye kona, moyo ulitulia. Kwetu bidoni ndiyo inayosimama kwenye mstari. Mwenyewe anaweza kwenda kukaa kivulini, hata kurudi kulala, na hakuna atakayegusa nafasi yake kama hatafuti vita. Nikaweka zangu nyuma ya ile ya mwisho, nikakaa juu ya jiwe. Sikuwa nimeuliza mtu kitu, na nilijisikia mwerevu sana.

Haukupita muda, mama mmoja mnene akafika, akaniona, akaweka bidoni yake nyuma yangu. Nyuma yake akaja papa mwenye baiskeli iliyofungwa bidoni sita.

"Papa, hiyo yote ni ya mutu moja?"

"Ni ya nyumba moja, mama. Tuko wengi."

"Kama muko wengi, mungekuya wengi!"

Watu wakacheka, na wengine wakazidi kuja. Hakuna aliyeuliza kama maji yanatoka. Mstari ulikuwa mrefu, na mstari mrefu namna ile utakuwaje uongo? Tena ulikuwa unasogea. Kila baada ya kitambo bidoni ya mbele ilipotelea kwenye kona, nasi tukasukuma zetu kwa mguu. Kitu kimoja tu kilinishangaza: sikusikia maji, nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikasema moyoni, labda kuna mtu anachoma takataka.

Zamu yangu ilipofika, nikabeba bidoni zangu nikapita kona. Robine haikuwepo. Alikuwepo muzee mmoja ameketi mbele ya mbabula, jiko la makala, kisu kimewekwa motoni mpaka kimekuwa chekundu. Alikuwa anaziba bidoni zilizotoboka. Mawe yetu hayana huruma na bidoni ya kuburuta, na wenyewe walikuwa wameziacha pale asubuhi, wakaenda sokoni. Kando yake kulikuwa na moja iliyopasuka chini mpaka ikamshinda.

Muzee akachukua bidoni yangu kubwa. Akaiinua juani, akachungulia ndani, akaigeuza, akaibana karibu na shavu asikie hewa.

"Tundu iko wapi?"

Nikachungulia nyuma yake nikitafuta robine.

"Mutoto, nakuuliza. Tundu iko wapi?"

Nilifikiria kumwonyesha mahali popote aizibe tu, yaishe. Kisha nikaona maharagwe ya kesho, makavu ndani ya sufuria, na tantine zangu wote wameketi wakiyatazama.

"Muzee," nikasema, nikitazama miguu yangu, "maji inatoka wapi?"

Akacheka mpaka bidoni ikamtoka mkononi.

"Maji? Bibi yangu ametoka kuchota sasa hivi, pale nyuma ya kapela. Anasema hakuna hata mutu! Nami nilikuwa najiuliza, leo watu wamepata akili gani, wote wanaleta bidoni?"

"Na hukuwauliza?"

"Nilisema ni baraka. Baraka, utaanza kuiuliza maswali?"

Nikarudi kwenye mstari, kwa yule mama mnene.

"Mama, hapa hakuna maji. Hapa wanaziba..."

"Ongea na nguvu!"

"Maji iko nyuma ya kapela."

Yule mama akageukia wengine. "Munamusikia? Anataka tutoke ku mustari, yeye apite!"

"Lakini mama, mimi nimekwisha kutoka."

"Ndiyo ujanja yenyewe!" Akasukuma bidoni yake mahali pangu, asije akanirudishia nafasi kwa bahati mbaya.

Nyuma ya kapela, kanisa dogo la mtaa, robine ilikuwa inamwaga kwa nguvu, na mbuzi mmoja anakunywa. Nikajaza zote mbili. Ile kubwa nikaifunga mgongoni kwa kamba, ndogo nikaishika mkononi, na maji yakaanza kupenya kwenye kifuniko, yakanitiririka mpaka kwenye visigino.

Nilipopita tena kwa muzee, yule mama mnene alikuwa amefika mbele.

"Tundu iko wapi, mama?"

"Tundu ya nini! Hii ni mupya, hata jua haijaizoea!"

Ndipo akaniona. Akatazama mgongo wangu, akatazama njia niliyoilowesha.

"Mutoto! Hiyo maji umeitoa wapi?"

Nikajibu kwa sauti yangu ileile ndogo, na safari hii hata wale waliokuwa nyuma ya kona walisikia. Mawe yalilia kwa viatu. Papa wa baiskeli alipakia kwa haraka mpaka akaondoka na bidoni saba. Muzee akasimama na kisu chake, akipiga kelele kwamba ile ya saba chini yake imekwisha, imekwisha kabisa. Papa hakugeuka kuuliza ni ipi.