Kahawa ya Mume Wangu

Mume wangu alizikwa nyuma ya nyumba yetu Nyabusozi, kiangazi kikiwa ndiyo kwanza kimeanza. Mvua za kwanza zilipokuja, nilikuwa nimebaki na mama yake tu chini ya paa moja. Watu wake walihamia huku Biharamulo kutoka Shinyanga na ng'ombe wao, yeye akiwa bado mdogo. Kwao walikunywa maziwa na chai. Kahawa aliijulia kwetu, Kirushya, siku alipokuja kuposa. Baba alimwekea kikombe mbele, akanywa, akaomba cha pili.

Tangu hapo, kila mvua zilipoanza na baridi ikaingia, aliipika mwenyewe. Alikaanga buni mpaka moshi ukajaa jikoni, akazitwanga pamoja na tangawizi kavu, iliki na mdalasini, kisha akaichemsha kwa moto mdogo. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikichambua maharage. Hakutaka nimsaidie.

Mama yake aliona aibu, mwanamume mzima kushinda jikoni wakati mke yupo. Alimwambia hivyo mbele yangu, tena si mara moja. Na kila alipopelekewa kikombe alikirudisha kikiwa kimejaa. Mume wangu alikichukua akanywa yeye.

Siku ninayoikumbuka, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilimpa mayu shikamoo yake. Ndivyo wanavyomwita mama kwa Kisukuma, nami nilimwita hivyo hivyo. Aliitikia akiwa amegeukia ukutani. Toka msiba tulikuwa tunaongea yale ya lazima tu: kuni, chumvi, ng'ombe aliyekataa kula. Mchana akaja akasimama kwenye mlango wa jiko, kanga imemlowa mabegani.

"Ile kahawa yake," alisema. "Nipikie."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Akarudia, kwa sauti ya chini zaidi.

Buni zilikuwepo, baba alizileta alipokuja kwenye matanga. Niliweka kikaango motoni, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui. Miaka yote ile nilikaa pale nikiitazama mikono yake, nikamsikiliza anavyopiga stori, lakini sikuwahi kuangalia anatia iliki kiasi gani, wala tangawizi inaingia lini. Nikakisia. Buni nyingine ziliungua, nyingine zikabaki na rangi ya udongo. Mayu akauvuta kinu kwake, akaanza kutwanga. Nilitaka kumwambia aache, mgongo wake si mzima, lakini nikamsogezea tangawizi.

Nilimmiminia. Akapuliza, akanywa kidogo, akakunja uso.

"Ndivyo ilivyokuwa?"

Ningeweza kumdanganya. "Hapana, mayu. Yake ilikuwa nzuri. Hii imeungua."

Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akaangalia nje ambako maji yalikuwa yanapita katikati ya uwanja.

"Basi sitaijua," alisema.

Akainywa yote, mpaka kwenye machicha. Siku ya mazishi sikumwona akitoa machozi, na watu walimsema kwa hilo. Sasa yalimtoka bila sauti, akayaacha yashuke. Nilifikiria kumshika mkono, sikuweza. Nilimwongezea nusu kikombe, naye akakipokea.

Mahindi yalipofika magotini, binti yake aliyeolewa upande wa Geita alikuja kumchukua. Nilimfungia vitu vyake, havikuwa vingi. Mayu akaniuliza kama nitarudi kwetu. Nilimwambia kaka zangu wameshaniita, ila bado sijaamua. Akasema nikienda nisimfiche, na kabla ya kuondoka nisafishe kaburi, nyasi za kule nyuma huota haraka. Nikamwahidi.

Pikipiki ilimchukua mpaka barabarani, binti yake akiwa amemshikilia kwa nyuma. Hakugeuka. Niliwasikiliza mpaka mlio ukapotea, kisha nikachukua jembe nikaenda kupalilia mahindi, peke yangu, kwenye manyunyu.