Sekunde Sitini za Mtunza Ghala

Kwa miaka kumi na mmoja mwanamke huyu alitunza ghala la dawa la hospitali, na hakuna kopo lililowahi kuisha muda wake rafuni bila yeye kujua. Kigugumizi alikuwa nacho tangu utotoni. Wenzake walishamzoea: walimwacha amalize, na akimaliza, mambo yamenyooka.

Hospitali ilipopunguza wafanyakazi, aliomba kazi kwenye kampuni ya kusambaza dawa. Usaili wa kwanza ulifanywa na kompyuta. Alikaa mbele ya simu aliyoiegemeza kwenye birika, mdogo wake akisimama mlangoni kuzuia watoto wasiingie. Swali likatokea: eleza unavyopokea mzigo. Sekunde sitini.

"N-n-nahesabu k-k-k..."

Neno "kwanza" lilimkwama kooni. Alipolipata, kioo kilishahamia swali jingine. Usaili ulipokwisha, hata dakika nne hazikupita, barua pepe ikaingia: mawasiliano yake hayakufikia kiwango.

"Dada, achana nao," mdogo wake akasema. "Kazi si hiyo tu."

"S-sijashindwa kazi. N-nimeshindwa saa."

Akaandika barua ya malalamiko, na asubuhi akaipeleka mwenyewe kwenye ofisi za kampuni. Afisa ajira aliisoma akakuna kichwa. "Mama, mfumo ndio unaochuja. Mimi sina mkono hapo."

"Nani anao?"

Hilo lilitoka bila kukwama, hata mwenyewe akashangaa. Akaketi kwenye benchi la mapokezi. Siku ya pili akarudi, akaketi tena. Siku ya tatu mkuu wa ghala, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alichoka kumpita. Akamwita ndani, akamwonyesha mzigo uliofika asubuhi hiyo.

"Upokee," akasema, kisha akavuta kiti, akachukua kalamu.

Ilichukua nusu saa. Maboksi mawili ya sindano yalikuwa pungufu, na katoni moja ya dawa za watoto ilibakiza mwezi mmoja kuisha muda. Alieleza yote kwa mdomo wake, polepole, mkuu akiandika.

Akapewa kazi, majaribio ya miezi mitatu. Kabla ya kusaini, alimgeukia afisa ajira.

"W-wengine waliokatwa k-kama mimi ni wangapi?"

Afisa hakujua. Hakuwahi kuuliza.

"B-basi tafuta."

Mkuu wa ghala akatikisa kichwa kukubali. Alasiri orodha ikatoka: watu kumi na tisa. Kesho yake wakaanza kupigiwa simu, na mtu, si kompyuta. Si wote waliokubali kurudi kusailiwa upya.