Jina Nililokataa Kuliita

Mwanangu wa mwisho alikuwa akiwashusha wageni kwenye korongo kwa kamba na kofia ngumu, awaonyeshe mbega, pimbi na tai. Msimu wa mvua, maji yalikuja ghafla kutoka milimani, na pale chini jua lilikuwa linawaka. Wageni aliwasukuma wote juu ya mwamba. Yeye hakupanda. Walimtafuta korongoni mpaka kwenye mashamba ya watu huko chini, wakarudi mikono mitupu.

Kwetu mtoto akizaliwa, sisi wanawake wazee tunaketi tukiita majina ya wafu wa ukoo, moja moja, huku mmoja akimgusisha ugoro kidogo puani. Jina likitajwa mtoto akapiga chafya, huyo ndiye amerudi. Mwitaji ni mimi. Shule niliacha darasa la pili, lakini majina ya watu wa mume wangu ninayo yote, hata ya watoto waliokufa bila meno. Siku hizi wanazaliwa hospitali, kwa hivyo tunangoja waletwe nyumbani. Mchungaji wa kanisa anajua, na siku hiyo hapiti kwetu.

Mke wa mwanangu aliachwa na mimba. Siku moja tukichuma majani chai aliniuliza bila kuniangalia.

"Mama, utamwita?"

"Nani?"

"Unamjua."

"Wanaoitwa ni waliokufa. Wewe umeona kaburi?"

Alitupa majani kikapuni akahamia mstari mwingine. Tangu siku hiyo chai yangu alikuwa akiiacha mlangoni na kuondoka.

Mimi nilikuwa nimejiambia kwamba mwanangu alitokea mbali huko, amegonga kichwa, amesahau kwao, anachunga ng'ombe za watu wasiojua jina lake. Kila nilipopika, nilipika na chake.

Mwishowe nikasema twende korongoni nikajionee. Mke wa mwanangu aliketi juu langoni na tumbo lake. Mimi nilishuka na mwanamume aliyekuwa akifanya kazi na mwanangu.

"Kogo, shika mkono wangu," akaniambia, kama wanavyotuita sisi nyanya.

"Shika wako. Mimi nimepanda milima na gunia la viazi mgongoni."

Akacheka. "Wale wa Nairobi wakifika hapa wanalia wakiita mama zao."

Chini kulikuwa kuzuri, na hilo ndilo liliniumiza. Nilitaka pawe mahali pabaya. Mbega walikuwa wakiruka na mikia yao myeupe, maji yakiimba, wasichana wawili wakipigana picha na kucheka. Hapakuwa na kitu chochote kilichosimama kwa sababu ya mwanangu.

Tulipofika penye wembamba yule mwanamume alivua kofia. Mto wote ulikuwa unaingia chini ya mwamba, kwenye ufa ambao hata mbuzi hangepita.

"Ni hapa?"

"Ni hapa, Kogo."

"Na unatokea wapi?"

"Hatujui. Tuliingiza kamba na jiwe. Ilikatika."

Niliangalia jani moja likija juu ya maji. Lilizunguka kidogo, likaingia. Nilingoja. Yule mwanamume naye alingoja, hakuniharakisha.

Nilipopanda, mke wa mwanangu aliangalia uso wangu. Alinipangusa tope miguuni kwa leso yake.

Mtoto alipoletwa nyumbani nilianza na baba mkwe wangu, nikaja kwa ndugu zake, nikaja kwa mume wangu. Mtoto alilala tu. Nikafika kwenye jina la mwanangu, nikaacha kuita. Jirani yangu akaniinamia.

"Umesahau? Nikusaidie?"

"Sijasahau."

Nikamwita. Mtoto akakunja uso, akapiga chafya.

Wanawake walipiga vigelegele. Mke wake alikuwa akicheka na kulia pamoja, akimbusu mtoto kichwani. Mimi nilitoka nikaingia katikati ya michai mahali hawangeniona. Wao walikuwa wamempata. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimemzika.