Mama wa Kwenye Kitabu

Mama yangu alikuwa yaya huko Mufindi, upande wa Igowole, nyumbani kwa meneja mmoja wa Kizungu wa shamba la chai. Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya hamsini, meneja na mkewe walikwenda livu, likizo yao ya miezi kadhaa, pwani, wakamchukua mama awashikie mtoto wao. Sisi tulibaki na bibi, mama yake mama: mimi, binti mwenye akili za kutosha kuchota maji na kununa, na mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Baba alikuwa ameshafariki.

Asubuhi ya kuondoka mama alituachia kitabu cha picha ambacho yule mtoto wa Kizungu alikuwa amekichoka. Ndani mlikuwa na baba, mama, watoto watatu na mbwa, wanaishi kando ya bahari. Wanakula, wanafua, wanaokota makombe, wanalala. Hakuna jambo lolote lililotokea humo. Watu wale walikuwa pamoja tu, ukurasa hadi ukurasa, na mimi nilikichukia kitabu kwa sababu hiyo hiyo.

Bibi hakuwahi kuiona bahari, na wala haikumbabaisha. Aliitazama ile rangi iliyotanda mpaka ukingoni mwa karatasi, akasema ni ukungu umelala bondeni, kama wetu wa mwezi wa saba. Nilimwambia ni maji. Akanijibu kwamba maji mengi kiasi hicho yangekuwa yameshamwagika.

Mdogo wangu alilia. Hakikuwa kilio cha njaa, maana uji na viazi vilikuwapo. Alilia ameelekea mlangoni. Bibi alimbeba mgongoni, akamwimbia, akachoka. Ndipo siku moja akakifungua kile kitabu karibu na moto, akaweka kidole juu ya yule mwanamke mwenye kofia, aliyekuwa amemshika mtoto mkono.

"Mama ni huyu," akamwambia. "Ameenda kule kwenye ukungu. Atarudi."

"Bibi, huyo ni Mzungu," nikasema.

"Nimemwona. Sina picha nyingine. Mtoto anataka pa kuangalia."

Na kweli alinyamaza. Tangu hapo kila alipoamka alikifuata kitabu, akautafuta ukurasa ule mwenyewe, akaupigapiga kwa kiganja, akisema mama, mama. Bibi alifurahi. Hata mimi niliona tumepata nafuu, kwani angalau tulikula bila kelele. Kumbe tulikuwa tunamfundisha kusahau.

Mama alirudi mvua za kwanza zilipoanza. Alikuwa amenenepa kidogo, ananukia sabuni, amejifunga khanga mpya. Alipiga magoti mlangoni akafungua mikono. Mdogo wangu alimtazama, kisha akajificha nyuma ya bibi. Mama akacheka, akamfuata, akamnyanyua. Mtoto alipiga mayowe mpaka akawekwa chini. Akakimbilia kitabu, akakifungua, akamwonyesha huyo mgeni mama yake ni nani.

Bibi akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyevunja chungu cha watu. Mama hakumgombeza. Ningefurahi kama angemgombeza; nikatoka nje nikaenda kukata kuni ambazo hakuna aliyenituma.

Mama alikuwa amepewa siku chache tu za kupumzika. Alimpikia mdogo wangu uji wa maziwa, mtoto akaunywa kutoka mkononi mwa bibi. Alimwogesha, akaogeshwa huku analia. Alimlaza pembeni yake, naye akashuka kitandani akaburuta blanketi hadi kwa bibi. Kila mama alipoingia ndani, mtoto alianza upya. Ikafika mahali mama akawa anakaa nje, kwenye baridi, anamenya viazi ambavyo vingeweza kumenyewa jikoni.

Jioni ya mwisho bibi akashindwa kuvumilia. Alikichukua kitabu akitaka kukitia motoni, mama akamshika mkono.

"Mwachie," akasema. "Yule wa kule analia nikitoka. Huyu analia nikiingia. Sasa, mama, unataka mimi nikae wapi?"

Bibi alimrudishia mtoto kitabu chake, akaendelea kupika.

Asubuhi mama aliondoka kwenda kazini kabla mdogo wangu hajaamka, asije akamwona akalia.