Mbuzi Alichinjwa Kabla ya Gari Kukaguliwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa kunusa. Mkaguzi Mkuu, mwanamume mrefu aliyevaa koti la kaki hata jua likiwaka vipi, alinisimamisha mbele ya gari dogo jekundu kwenye gereji moja nyuma ya Barabara ya Kirinyaga, akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona gari jekundu.

"Hiyo ni rangi," akasema. "Mimi nimekuuliza gari. Fungua mlango, uingize pua kabla ya kuingiza macho."

Nikafungua, nikanusa. Chini ya manukato ya limau kulikuwa na harufu ya blanketi lililolala na unyevu. Gari lile lilikuwa limezama majini mahali fulani, likakaushwa, likapigwa brashi, likaletwa mjini kutafuta mnunuzi. Mafundi walikuwa wameniuliza asubuhi hiyo kama nimeleta chai, maana hawakuwa wamewahi kumwona msichana wa Waithaka akija kukagua magari. Iliniuma, ila sasa nilisahau. Nilikuwa nimefurahi mno na pua yangu.

Kazi yenyewe inaitwa ukaguzi na uthamini. Mkaguzi anasema gari liko katika hali gani, mthamini anasema linastahili bei gani, na mara nyingi ni mtu mmoja anayefanya yote mawili. Mkaguzi Mkuu alinifundisha kwamba gari hukaguliwa asubuhi, likiwa kavu, likiwa baridi. Gari lililotoka kuoshwa huficha makovu, kwa sababu maji hulainisha kila rangi. Gari ambalo injini yake imeshapashwa moto kabla hujafika pia lina kitu linachoficha, kwa kuwa kikohozi cha injini husikika asubuhi tu. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kuweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, uliza maswali.

Nilipoiva kidogo nilihamia kampuni ya bima katikati ya mji, chini ya bwana aliyeitwa Meneja wa Madai. Huyu hakuwahi kushika spana maishani, lakini alikuwa na masikio. Watu walikuja ofisini kwake wakilia kwamba gari limegongwa, naye angesikiliza mpaka mwisho, kisha aniite. "Bi Wairimu, nenda ukaliangalie. Huyu amelia vizuri sana." Nilizunguka yadi za vituo vya polisi na gereji za Dagoretti nikitazama vyuma vilivyokunjamana. Hapo ndipo nilipojua mifuko ya hewa, ile inayofura mbele ya dereva na abiria gari linapogonga. Inafanya kazi mara moja tu. Ikishalipuka inabadilishwa yote, na hiyo si kazi ya bei rahisi, kwa hiyo wajanja hawaibadilishi. Wanashona kifuniko kizuri, wanapaka rangi, wanauza.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, wahenga walisema. Ya gari tunaijua sisi.

Miaka yangu ya mwisho niliifanya Westlands, katika ofisi ya uthamini yenye vioo vingi kuliko kuta. Mkurugenzi wetu alikuwa kijana mwenye haraka, na kila saa alikuwa mlangoni kwangu. "Wairimu, mteja anangoja." Mimi nikamjibu siku moja kwamba ajali nayo inangoja, mlango wangu hakuusogelea wiki nzima. Hakuwa mtu mbaya. Nilipostaafu alinipa tochi nzuri ya mkononi, na ninayo hadi leo.

Ni huko Westlands nilipoyazoea magari ya mbio, yale ya milango miwili yanayolala chini kama paka anayenyemelea panya. Mwanzoni yalikuwa machache, na mwenye nalo alijulikana mtaa mzima. Kisha vijana wakapata kazi nzuri na mikopo, yadi za mauzo zikayapanga mbele kabisa penye kamba na bendera, bei ikapanda mpaka nikaona haya kuiandika. Sasa imeanguka. Mafuta yamepanda, matuta yanakwangua tumbo la gari kila baada ya hatua chache, vipuri vinaagizwa ng'ambo, na kampuni za bima zikisikia neno taba, ile pampu inayoipulizia injini hewa ili ipate nguvu, zinakunja uso. Kila mtu anataka kuuza, na wanaonunua wanahesabika.

Vijana huniambia huu ndio wakati wa kununua. Huenda. Lakini bei ya kununua ndiyo iliyoshuka, ya kutunza haijui kushuka. Gari lililokuwa la mtu mwenye uwezo wa kulihudumia linashuka kwa mtu mwenye uwezo wa kulinunua tu, huyo akichoka linashuka tena kwa mwingine, na kila linaposhuka kuna kitu kinaachwa bila kutengenezwa. Likifika kwako linang'aa, na lina madeni ya mafundi watatu ndani yake.

Sasa nieleze jambo letu sisi watu wa huku. Mtu akinunua gari hapa kwetu, halianzi kazi kabla ya kuombewa. Ndugu wanaalikwa nyumbani, pasta anakuja na chupa ya mafuta ya upako, watu wanazunguka gari na kuweka mikono juu ya boneti, linaombewa, kisha mbuzi analiwa. Ni desturi nzuri, nami nimeombea magari mengi. Ubaya wake ni mmoja. Watu hualika kabla ya kukagua. Na mtu akishaalika ukoo mzima, hata ukimwonyesha kwamba gari halina injini, atalisukuma mpaka nyumbani ili asiaibike.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Mburu, mtoto wa dada yangu Wangari wa Uthiru, aniitaye Tata, jina letu la dada wa mama. Mburu anafanya kazi ya ofisi Westlands, na mkewe Achieng, msichana wa Siaya mwenye kicheko cha kuamsha jirani, alikuwa na mimba kubwa ya mtoto wao wa kwanza. Dada alinipigia simu siku ya Ijumaa asubuhi. "Mburu amepata gari, analilipia leo. Kesho watu wanakuja kuliombea. Mbuzi ameshachinjwa. Tafadhali njoo na tochi yako, mimi moyo wangu haujatulia."

Niliwakuta Mburu na Achieng kwenye yadi ya muuzaji mapema. Gari lilikuwa jeusi, la taba mbili, zuri kwa kweli, sitadanganya. Nikaweka kiganja juu ya boneti. Moto.

Muuzaji, kijana aliyejiita Brayo, alinipokea kwa heshima zote, akaniita mathe, yaani mama kwa lugha ya vijana. "Karibu, mathe. Hii gari ni safi ka pamba. Mwenyewe alikuwa daktari."

Katika maisha yangu sijawahi kuonyeshwa gari la fundi. Yote yalikuwa ya daktari.

"Na mbona bei iko chini hivi?" nikamuuliza.

"Bei imeshuka juu ya fuel, mathe, si juu ya gari. Soko yote iko chini. Ukingoja kesho hutaipata."

Achieng alikuwa ameshaingia kiti cha abiria ili Mburu ampige picha. Kuingia kwenyewe kulikuwa kazi, kwa lile tumbo na lile gari linalokaa chini, na alikuwa akicheka. Nikamwambia avute mkanda wa usalama. Ulitoka nusu, ukakwama. Akauvuta tena, ukakwama palepale. Mikanda ya magari haya hujifunga gari linapogonga, na baada ya hapo inatakiwa kubadilishwa. Nikapitisha vidole juu ya dashibodi mbele yake. Upande wa dereva ngozi ilikuwa na vinyweleo vidogo kama ganda la chungwa. Upande wa Achieng ilikuwa laini, na mpya.

Nikaketi kiti cha dereva. Ukiwasha umeme bila kuwasha injini, taa zote za onyo huwaka. Ile ya mfuko wa hewa, yenye alama ya mtu aliyeketi na mpira mbele ya kifua, hujikagua kidogo kisha huzimika yenyewe. Ile ya oili hubaki mpaka injini iwake. Hapa zote mbili zilibaki. Nikawasha injini, zikazimika pamoja. Mtu alikuwa ameunganisha waya wa moja kwa nyingine ili taa isiseme ukweli.

Nikazima. Nikamwita Mburu dirishani.

"Mburu," nikasema, "gari hili liligonga. Mifuko ya hewa haimo. Na mkanda wa mkeo umekufa."

"Mathe, hiyo ni story," Brayo akasema, bado anatabasamu.

"Basi fungua kifuniko cha dashibodi tuone."

"Ukifungua hiyo, unaharibu gari ya wenyewe."

Achieng alikuwa ameacha kucheka. Alitazama ile ngozi mpya iliyokuwa mbele ya tumbo lake, akampa Mburu mkono. "Nisaidie nitoke. Mimi sikai hapa."

Tulitoka mpaka nje ya lango, na hapo Mburu akanigeukia. Sijawahi kumwona na uso ule. "Tata, watu wameshaalikwa! Mjomba anatoka Nyeri, pasta amekubali, mbuzi ako kwa sufuria. Airbag nitaweka polepole. Na wewe ulistaafu, hizi gari za siku hizi hata huzijui."

Iliniuma. Nasema wazi, iliniuma kuliko ile ya chai. "Mbuzi si shida," nikamwambia. "Mbuzi ataliwa. Mimi nazungumza juu ya mtu aliyeketi pale."

Mburu alinipa kisogo. Alishika simu yake ya kulipia, akarudi ndani ya yadi peke yake.

Mimi na Achieng tukaketi kwenye benchi la mama wa chai kando ya barabara. Achieng hakunywa. Alisema tu, "Tata, akitoka na ufunguo nitafanya nini?" Nikamshika mkono. Nilisali kimya. Miaka yangu yote nilikuwa nimejifunza kusema ukweli wa gari, lakini hakuna meneja aliyenifundisha kumshikilia mtu asiusukume pembeni.

Mburu alitoka akitembea polepole. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Nimemwambia afungue kifuniko, kisha nilipe," akasema. "Akasema nilipe kwanza, kisha afungue."

"Na wewe?"

"Nimekuja." Akaketi kati yetu, akachukua kikombe cha Achieng, akanywa chai yote iliyopoa. Kisha akasema, "Tata, nisamehe." Nikampiga kofi dogo la mgongoni kama nilivyokuwa nikimpiga akiwa bado anavaa kaptula. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi.

Lakini Jumamosi ilikuwa bado. Watu walijaa ua wa dada yangu Uthiru, kina mama na leso zao, wazee na kofia zao, na nafasi tupu katikati ambapo gari lilitakiwa kusimama. Pasta alifika na chupa yake, akatazama huku na huku. "Gari liko wapi?"

Mburu akasimama. Aliwaambia kila kitu, taa mbili zilizozimika pamoja, mkanda uliokwama, na kwamba nusura anunue hata baada ya kuambiwa. Kisha mjomba wa Nyeri akauliza, "Kwa hivyo mmetutoa mbali tuje kuombea mbuzi?" na ua wote ukaangua kicheko, Achieng juu ya wote. Nilimwona Mburu akipumua mpaka mabega yakashuka.

Pasta naye alicheka, akajifuta macho. Kisha akafungua chupa.

"Wale ambao wangeketi ndani ya gari hilo waje hapa katikati," akasema.

Mburu na Achieng wakasogea, wakasimama kwenye ile nafasi tupu. Watu wakawazunguka, na mikono yote ikawekwa mabegani mwao, vichwani, migongoni, popote palipopatikana. Dada yangu alilia wazi. Mimi pia nililia, na sikutafuta leso.

Sasa nakaa Waithaka na kuku wangu, na vijana bado hunipigia simu kuhusu magari yaliyoshuka bei. Ninaenda nikiwa na nguvu, sitaki malipo, nataka tu wanipigie kabla ya kumpigia pasta. Muuzaji akikukataza kufungua, shukuru, amekujibu. Rafiki zangu husema nimeshindwa kupumzika. Si kweli. Ninapumzika vizuri tangu siku ile. Kwa miaka mingi niliitwa ajali ikishatokea, nieleze gari limeumia wapi, na mara nyingi kiti cha abiria kilikuwa na kiatu cha mtu ambacho hakuna aliyerudi kukichukua. Mara hii dada yangu aliniita mapema. Niliketi Uthiru na sahani ya nyama mapajani, nikiwatazama wawili waliokuwa wazima, na sikuwa na ripoti ya kuandika.